Siku tisa tangu usaili, simu haijalia

"Shikamoo mama. Nina miaka 26, naishi Igoma hapa Mwanza. Nina digrii ya ununuzi na ugavi, ila tangu nimalize chuo nasimamia kibanda cha miamala cha shangazi yangu. Jumanne tarehe 3 niliitwa kwenye usaili wa msaidizi wa stoo, kiwanda cha minofu ya samaki. Mezani walikuwa wanne. Mwisho wakasema, 'Tutakupigia ndani ya wiki mbili.' Leo siku ya tisa, kimya. Kuna swali linaninyima usingizi: waliniuliza, kuna katoni mbili za dawa ya kusafishia, moja imeingia jana na nyingine mwezi uliopita, itoke ipi kwanza? Nikasema ya mwezi uliopita. Mmoja akacheka, akaandika kitu. Waliponiuliza nataka mshahara kiasi gani nikasema 'wowote mtakaonipa.' Juzi mmoja wa wale wanne kanitafuta WhatsApp, anasema jina langu lipo pazuri ila tukutane Jumamosi jioni Capri Point tuliongelee. Sijamjibu. Mjomba naye anasema anamfahamu meneja, nimwache aende na 'shukrani kidogo.' Shangazi anauliza kama atafute mtu mwingine wa kibanda. Nipige simu? Niende getini? Nifanyeje, mama?"

Marahaba binti yangu. Nimefanya kazi ofisi za utumishi kwa miaka 22, mingi yake kwenye viwanda vya huku ziwani, kwa hiyo meza uliyokaa mbele yake naijua kwa upande wa pili. Umeniletea mambo mengi kwa mkupuo. Sitayafuata kwa mpangilio wako, maana moja lina tarehe yake: Jumamosi jioni.

Usiende. Hata akibadilisha ikawa mchana, mahali penye watu, usiende. Mtu wa jopo hana cha kuzungumza na mwombaji nje ya ofisi. Tuseme ni mwema, anataka kukupa moyo tu; moyo huo angekupa kwa simu ya ofisini saa nne asubuhi. Na kuna jambo vijana wengi hawalijui: kwa kawaida alama hujumlishwa siku ileile, kabla watu hawajanyanyuka mezani. Kila mmoja ana karatasi yake, anaijaza, zinakusanywa. Huyo anayekuambia jina lako lipo pazuri huenda ameshaiona jumla, na anataka kukuuzia kitu ambacho wenzake watatu wamekwishakupa bure. Au ameona hujapita, na anakuuzia kisichokuwepo. Kwa vyovyote vile, mali anayoitembeza si yake.

Mjibu mara moja tu, kwa maandishi, bila vikatuni vya kucheka na bila "samahani":

"Habari za mchana. Nimepata ujumbe wako. Kuhusu nafasi niliyoomba, naomba mawasiliano yapitie ofisi ya utumishi, saa za kazi. Asante."

Baada ya hapo usifute kitu. Piga skrinshoti inayoonyesha namba na tarehe, mtumie mtu mmoja unayemwamini aitunze kwenye simu yake. Akinyamaza, yameisha. Akirudi mara ya pili, nenda na hiyo simu kwa mkuu wa utumishi wa kiwanda. Ikiwa mkuu wa utumishi ndiye huyohuyo, nenda TAKUKURU, ofisi ya kuzuia rushwa, au wapigie 113, haina malipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu kinachomhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, kifungu cha 25. Huhitaji kukikariri. Inatosha kujua kwamba kipo, na kwamba yeye anakijua vizuri kuliko wewe.

Najua utakachoniuliza: nikiikosa kazi kwa kuwa nimemkataa? Inawezekana, sitakudanganya. Mtu mmoja kati ya wanne anaweza kukuchafua akitaka. Lakini mlango unaofunguliwa namna hiyo hauishii siku ya kuingia. Utaukuta tena siku ya kuthibitishwa kazini, siku ya kuomba likizo, siku mkataba unapofika mwisho. Nimewaona mabinti waliopitia mlango huo, na nimewaandikia barua zao za kuacha kazi.

Sasa mjomba. Simlaumu, anakupenda, na kwa umri wake amekulia zama za vimemo. Lakini sikiliza kisa hiki. Mwaka mmoja, kwenye kampuni nisiyoitaja, kijana mmoja alikuwa wa kwanza kwa alama, kawaacha wenzake mbali. Dokezo la kumwajiri lilikuwa linasubiri saini tu. Jioni ile baba yake mdogo akafika nyumbani kwa meneja na kapu la sato, wale wakubwa, bado wanapumua. Meneja alikuwa mgeni, na alikuwa anaogopa hata kivuli chake, kwa sababu aliyemtangulia aliondolewa kwa mambo ya namna hiyohiyo. Asubuhi dokezo likarudi kwangu: usaili urudiwe, na huyu asiitwe. Kijana yule mpaka leo hajui kwamba kilichomwangusha ni kapu la samaki. Mwambie mjomba, kwa heshima zote: "Mjomba, nisaidie kwa kutokwenda."

Tukishayaondoa hayo njiani, tuje kwenye kimya chenyewe.

Walikuambia wiki mbili, na wiki mbili hazijaisha. Hapo hakuna kimya cha kuhesabu bado. Ila nikueleze kinachoendelea ndani, maana ukikijua utalala. Mkishaondoka, afisa utumishi anaandika muhtasari wa usaili, halafu dokezo kwenda kwa meneja mkuu. Meneja mkuu yuko Dar es Salaam, au yupo hapahapa lakini kiwanda kina wakaguzi wiki nzima na hakuna karatasi nyingine inayosomwa. Idara ya fedha inaulizwa kama nafasi kweli ina bajeti, mara nyingine jibu ni "subirini mwezi ujao." Wadhamini wanapigiwa, mmoja hapokei. Kisha anapigiwa aliyeongoza kwa alama, naye anaomba siku tatu za kufikiri kwa sababu ana ofa nyingine ya mgodini Geita. Muda wote huo wa pili na wa tatu hawaambiwi kitu, kwa sababu wao ndio akiba. Nimewahi kumpigia aliyekuwa wa tatu, tukiwa wiki ya tano, naye ameshajikatia tamaa. Akaanza kazi Jumatatu iliyofuata. Niliondoka pale nikimwacha anasimamia stoo nzima.

Viwanda vya minofu vina na la kwao. Sangara wakiadimika, zamu zinapunguzwa, na kitu cha kwanza kuwekwa kando ni ajira mpya. Mwombaji yuko Igoma anajilaumu kwa viatu alivyovaa, kumbe tatizo ni magari ya samaki yaliyoingia matatu siku ambayo yangeingia kumi. Usaili wa haraka kuliko wote niliousimamia ulitoa jibu siku ya tatu. Uliochelewa kuliko wote ulichukua miezi mitatu na nusu, na sababu ilikuwa hiyohiyo, samaki.

Hapa niseme na dhambi yetu. Watu wa utumishi tunawapigia waliopata na kuwasahau waliokosa. Kijana mmoja wa Sengerema alikaa miezi mitano akiamini mchakato unaendelea, akakataa kazi ya mkataba Musoma ili asije akaitwa hayupo. Alipofika ofisini kuuliza nikafungua faili: nafasi ilijazwa ndani ya wiki ya pili. Hakukuwa na sababu yoyote. Nilisahau tu. Tangu siku ile nilijiwekea utaratibu wa kuwaandikia wote, lakini usitegemee kila ofisi imepata aibu ya namna hiyo.

Kwa hiyo hukai tu ukiitazama simu. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mbalamwezi ikiwa kali, maana taa zao hazivuti kitu. Nenda ufukweni siku hizo uwaone: wanashona nyavu. Nawe una nyavu za kushona.

Ya kwanza ni daftari. Usiku wa leo andika kila swali unalolikumbuka, ulivyojibu, na ambavyo ungejibu sasa. Ungefanya jioni ileile ungeyapata yote. Siku ya tisa utapata nusu, basi chukua nusu hiyo. Sababu yangu si ya kujifariji. Viwanda hivi vinauza minofu kwenye masoko yaleyale ya nje na vinakaguliwa kwa vigezo vinavyofanana, kwa hiyo maswali ya stoo ya kiwanda kimoja ni ndugu wa maswali ya kingine. Na kama wewe ni wa akiba, unaweza kuitwa tena kuonana na meneja peke yake. Atauliza hayohayo kwa sura nyingine.

Tukiwa hapo, swali lako la katoni. Hukukosea, ulijibu nusu. Kinachoingia kwanza kitoke kwanza, hiyo ndiyo kanuni ya darasani na ni sahihi kwa mabuti na glavu. Dawa ina tarehe ya kuisha muda. Msambazaji anaweza kukuletea jana mzigo uliokaa kwake muda mrefu, ukawa unaisha muda kabla ya ule wa mwezi uliopita. Mtu wa stoo aliyekomaa anajibu kwa swali: "Zinaisha muda lini?" Kinachokaribia kuisha ndicho kinachotoka. Yule aliyecheka huenda alicheka kwa sababu waliokutangulia nao walijibu hivyohivyo. Swali lile huwekwa makusudi, na wachache hulipita.

Je, umwandikie kusahihisha? Ungefanya ndani ya siku moja, kwa sentensi moja ndani ya ujumbe wa shukrani, ningekuunga mkono. Leo hapana. Kosa dogo ambalo wamelisahau utalifukua na kuliweka tena mezani. Libaki kwenye daftari, siku ukiitwa tena ulitoe wewe mwenyewe kabla hawajakuuliza.

Na huo ujumbe wa shukrani, kwa kuwa wasomaji wengine wataniuliza: ni jambo jema, ila lisikutoe jasho. Sentensi tatu, ndani ya siku moja, kwa barua pepe ya yule aliyekuita kwenye usaili, kamwe usiende kwenye namba binafsi za wanajopo. Unashukuru kwa nafasi, unataja kitu kimoja mlichozungumza, unasema unasubiri. Mashirika na mabenki wameuzoea. Viwandani utasomwa na mtu mmoja, atatabasamu, basi. Katika miaka yote hiyo sijaona ujumbe uliompandisha mtu kutoka wa tano hadi wa kwanza. Nimeona mara moja wawili wamelingana alama, na aliyeandika akachukuliwa. Wewe umeshachelewa, achana nao.

Wavu wa pili, ambao watu hawaushoni kabisa, ni wadhamini. Umeandika majina matatu kwenye wasifu wako. Lini mara ya mwisho umezungumza nao? Mwalimu wa chuo anafundisha mamia kila mwaka. Akipigiwa ghafla akaulizwa habari zako atasema "nadhani ni mwanafunzi mzuri," na hiyo "nadhani" nimeisikia ikiandikwa kwenye faili. Mpigie leo, mkumbushe wewe ni nani na ulifanya utafiti gani, mwambie umeomba kazi gani na wapi. Hakikisha namba uliyoiandika bado inapatikana. Nimewahi kumwacha mtu kwa wiki nzima kwa sababu namba ya mdhamini wake ilikuwa inatumiwa na muuza nyanya wa Buzuruga.

Kama umemweka shangazi kuwa mdhamini wa kazini, mbadilishe kwenye maombi yanayofuata. Ni mwajiri wako kweli, lakini ni ndugu, na jopo litamsoma kama ndugu. Mweke wakala mkuu anayekuletea floti, yaani salio la simu unalofanyia miamala. Halafu nikuulize: je, uliwaeleza wale wanne kwamba kila jioni unalinganisha floti, keshi na daftari, na kwamba tofauti ya shilingi elfu moja inakukalisha mpaka uipate? Hiyo ndiyo kazi ya stoo. Wamebadilisha tu noti zikawa katoni. Wahitimu wengi wanaona aibu kutaja kibanda mbele ya jopo, wanaanza kusimulia mafunzo kwa vitendo ya wiki nane waliyofanya mwaka wa pili. Mimi nikisikia mtu ameshika fedha za watu miaka miwili bila kukimbia nazo, naweka kalamu chini namsikiliza.

Wavu wa tatu: endelea kuomba kazi kwingine. Wiki hii, siyo baada ya jibu.

Simu sasa. Uko kibandani, kuna kelele, watu wanakutajia namba za siri kwa sauti kama hawana akili. Simu ya kiwanda ikiingia hapo, pokea, jitambulishe kwa jina, na kama husikii omba dakika tano upige wewe kutoka nje. Hakuna anayechukia hilo. Namba inayoanza na 028 ni simu ya mezani ya kanda yetu, na 022 ni ya Dar es Salaam. Usizikate ukidhani ni wauza bima. Fungua na barua pepe yako kila siku, pamoja na lile faili la taka linalomeza ujumbe kutoka usikokujua.

Matapeli sina haja ya kukufundisha wewe wakala, "ile hela tuma kwenye namba hii" umeiona kuliko mimi. Ila wana mtego unaolenga hasa watu waliotoka kwenye usaili: wanakupigia wakisema umepata, tuma fedha ya vipimo vya afya leo kabla ya saa kumi. Unaaminika kwa sababu wanaoshika chakula kweli hupimwa afya. Lakini kupimwa kunakuja baada ya barua, na malipo, kama yapo, yanafanyika hospitalini kwa risiti, hayaendi kwenye namba ya mtu. Namba kama hiyo itume kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na hata vipimo vikiwa vya halali, kipimo cha mimba au cha VVU hakiwezi kuwa sharti la kukupa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamhesabu hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa.

Umeuliza kama upige. Ndiyo, lakini siyo leo. Wiki mbili zao zinaisha Jumanne tarehe 17. Waachie Jumatano ya kupumua. Piga Alhamisi tarehe 19, saa nne asubuhi, kwenye namba iliyokuita kwenye usaili. Nimeichagua tarehe hiyo kwa makusudi: kuanzia tarehe 20 hadi mwisho wa mwezi ofisi ya utumishi imezama kwenye mishahara, na ukimpigia mtu anayetafuta saa za ziada za vibarua mia mbili atakujibu lolote ili ukate. Jumatatu asubuhi nayo si rafiki, na Ijumaa mchana mawazo ya watu yameshaondoka. Sema hivi:

"Habari za asubuhi. Naitwa fulani, nilifanya usaili wa msaidizi wa stoo Jumanne ya tarehe 3. Tuliambiwa majibu ndani ya wiki mbili, nikaona niulize mchakato umefikia wapi. Bado naihitaji nafasi."

Halafu nyamaza. Usijaze kimya chao kwa maelezo. Wakisema "bado," uliza kwa upole lini itafaa kuuliza tena, andika tarehe watakayokupa, na usipige kabla yake. Wakisema nafasi imejazwa, shukuru, kisha uliza jambo moja: kama kuna kitu cha kuboresha siku nyingine. Wengi hawatakujibu. Wachache watakuambia kitu ambacho hakuna mwalimu angekuambia. Ukishapiga mara mbili bila jibu la maana, funga ukurasa huo kichwani. Wakikupigia wiki ya saba iwe habari njema, isiwe kitu ulichokuwa unakisubiri.

Getini usiende. Mlinzi ataandika jina lako kwenye daftari la wageni, atapiga simu ya ndani, utaambiwa yuko kikaoni. Umetumia nauli kwenda kusikia uongo mdogo.

Kama umeomba na serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, huko haya yote ya kupiga na kushukuru hayana kazi. Kuna usaili wa mchujo, kisha wa mahojiano, kisha unasubiri mkeka, yaani orodha ya majina, kwenye tovuti yao na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal. Aliyefaulu akakosa nafasi anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye, kwa hiyo kutoliona jina lako leo hakumaanishi umefeli. Kazi yako huko ni moja, vyeti halisi viwe tayari. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hawazikubali.

Limebaki la mshahara. "Wowote mtakaonipa" ni jibu la adabu, na adabu yenyewe haina ubaya, ila umewapa kalamu na karatasi. Bahati nzuri hujasaini kitu. Wakipiga kukuambia umepata, furahi, shukuru, kisha omba barua yenye maelezo kabla ya kukubali. Muda kati ya barua na saini yako ndio pekee ambao neno lako lina uzito, baada ya hapo utasubiri mwaka. Waweza kusema: "Nimeipokea kwa shukrani. Naomba niulize kama kiwango hiki kina nafasi ya kuzungumzwa." Ukisema hivyo hutanyang'anywa kazi. Sijawahi kumnyang'anya mtu, na wala sijaona mwenzangu akifanya hivyo. Mara nyingi nilikuwa na nafasi ndogo ya kuongeza, na niliitumia kwa walioomba tu.

Kabla ya kuomba, ijue hesabu ya mkononi. Tuseme wanakupa mshahara wa msingi wa shilingi 500,000 bila posho. Mchango wako wa NSSF ni asilimia 10, yaani 50,000. Inabaki 450,000 ya kutozwa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, 180,000 zinazobaki zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 14,400. Kama ulisoma kwa mkopo wa bodi, inakatwa asilimia 15 ya mshahara, 75,000. Unafika nyumbani na 360,600. Toa nauli ya kutoka Igoma kila siku ya mwezi na chakula cha mama lishe pale nje ya kiwanda, kisha linganisha na unachopata kibandani sasa. Huenda bado ni kazi nzuri, maana kibanda hakina NSSF wala hakikuandikii barua ya uzoefu. Lakini uamue ukiwa na namba hiyo, usiamue na laki tano ya kwenye barua.

Kwenye barua hiyo angalia pia kama mkataba ni wa muda maalumu au la, na kipindi cha majaribio ni miezi mingapi. Mfanyakazi asiyefikisha miezi sita hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo nusu mwaka wa kwanza tembea kwa tahadhari. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kwa kuwa kiwanda kina zamu, uliza zamu ya usiku inaisha saa ngapi na utarudije Igoma saa hizo. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Shangazi mwambie ukweli wote, umefanya usaili na hujui. Asitafute mtu wa kukaa moja kwa moja mpaka barua iwe mkononi mwako, ina saini na tarehe ya kuanza. Ila siku ukiitwa unaweza kuambiwa uripoti baada ya siku tatu, na kibanda chenye fedha za watu hakikabidhiwi kwa siku tatu. Kama kuna binti wa jirani mnayemwamini, anza kumfundisha kulinganisha floti sasa. Jumamosi jioni, kwa mfano, najua una nafasi.